Maji Maangavu, Maji Safi na Maji Salama: Istilahi za Maji ya Kunywa katika Safari za Uwindaji

Sentensi "safisha maji kabla ya kunywa" ni sahihi. Haina kosa la upatanisho wa kisarufi wala neno gumu. Hata hivyo, ikiandikwa katika mwongozo wa wawindaji, au wa askari wa wanyamapori waendao porini kwa siku nyingi, yaweza kumwua msomaji wake.

Mwindaji aliyechota maji dimbwini, akayapitisha katika kitambaa mpaka tope likabaki nyuma, ameitii amri hiyo kikamilifu. Amesafisha. Maji aliyo nayo yanang'aa. Lakini vijidudu vya kuhara damu, vya homa ya matumbo na vya kipindupindu havionekani kwa macho, na kitambaa hakivizuii vyote. Mtu huyo yuko mwendo wa siku mbili kutoka zahanati iliyo karibu. Akianza kuhara na kutapika, atapoteza maji mwilini mahali ambapo hana maji mengine ya kuaminika.

Kosa hapa si la mwindaji. Ni la mwandishi aliyetumia kitenzi kimoja kwa kazi nne zilizo mbalimbali. Makala haya yanakusudia kuzitenganisha kazi hizo, kuonyesha maneno ambayo Kiswahili tayari kinayo kwa kila moja, na kupendekeza namna ya kuyatumia katika tafsiri, darasani na katika nyaraka za Serikali. Shabaha yetu ni moja: msomaji asipewe neno litakalomfanya ayahesabu maji maangavu kuwa ndiyo maji salama.

Maji "safi" ni maji gani?

Neno "safi" tumelipata kutoka Kiarabu, na huko lina maana ya kitu kisichochanganyika, kilicho wazi, kisicho na ukungu. Maana hiyo imebaki nasi. Asemapo mtu kwamba maji ya kisima fulani ni safi, aghalabu ametazama tu, hajapima. Katika lugha ya mamlaka za maji neno hilo limepata kazi nyingine: "majisafi" ni kinyume cha "majitaka", yaani maji yaendayo kwa watumiaji yakitofautishwa na yale yatokayo majumbani na viwandani baada ya kutumiwa. Hapo "safi" ni jina la mfumo wa mabomba, si matokeo ya uchunguzi wa kila tone.

Ndiyo maana wataalamu wa maji walizoea kusema "maji safi na salama". Waliona kwamba neno la kwanza halitoshi. Lakini kwa kutamkwa pamoja mara nyingi, maneno hayo mawili yameungana masikioni mwa watu, na wengi huyachukua kama visawe vinavyotiana nguvu. Mwalimu wa sayansi hana budi kuyatenganisha tena. "Safi" hujibu swali la jicho. "Salama" hujibu swali la tumbo.

Kuna sifa nyingine za maji ambazo mfasiri yampasa azitumie kwa hadhari. Kwa watu wa pwani, "maji baridi" ni yale yasiyo ya chumvi, na ndiyo maana twasema "samaki wa maji baridi" hata kama ziwa lina joto. Kwa wasemaji wengi wa bara, "maji baridi" ni yale tu yasiyo ya moto. Mwongozo unaosema "tafuta maji baridi" utasomwa kwa njia mbili. "Maji matamu" nayo ni yasiyo na chumvi wala uchungu. Utamu huo hausemi lolote juu ya vijidudu.

Vilevile kuna neno "tohara" katika lugha ya dini. Maji yaliyo tohara yafaa kutawadhia. Maji ya bahari ni tohara kwa Mwislamu na anaweza kutawadha kwayo, lakini hayanyweki. Mfano huu waonyesha wazi kwamba usafi wa ibada, usafi wa jicho na usalama wa afya ni dhana tatu, na kila moja ina neno lake.

Historia ya nchi yetu inatupa ushahidi mwingine. Katika njia ya misafara iliyotoka pwani kwenda Unyanyembe na Ujiji, kati ya Mpwapwa na Ugogo, palikuwa na nyika kavu iliyojulikana kama Marenga Mkali. Burton aliipita mwaka 1857 na Stanley mwaka 1871. Jina hilo lahusu maji makali, yaani yenye chumvi. Wenyeji na wapagazi waliyatofautisha maji kwa ladha, wakaiweka tofauti hiyo katika jina la mahali, ili msafiri aonywe kabla hajafika. Hiyo ndiyo kazi ya istilahi.

Kuchukua maji: vyombo na majina yake

Kabla ya kuzungumzia kutakasa maji, yafaa tueleze kwa nini mwindaji hawezi kuchukua nyumbani maji yote atakayoyanywa. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Mtu atembeaye juani kutwa huweza kuhitaji lita 4 au zaidi kwa siku. Wawindaji 5 watakaokaa porini siku 3 watahitaji lita 60 za kunywa tu, nazo ni kilo 60 juu ya mabega yao kabla ya kuhesabu chakula, risasi na nyama watakayorudi nayo. Mzigo wa mpagazi mmoja wa karne ya 19 ulikuwa takriban frasila 2, yaani karibu kilo 32. Kwa hiyo maji hayana budi kutekwa njiani, na maji ya njiani hayana budi kutakaswa. Mambo haya mawili hayatengani, na mwongozo ulioandikwa vizuri huyaeleza pamoja.

Wapagazi walikuwa na neno la kazi kwa safari ya kuvuka mahali pasipo maji: "terekeza", ambalo Burton aliliandika "tirikeza". Maana yake ni kuondoka baada ya adhuhuri, watu wakiwa wamekwisha kula, kunywa na kujaza vyombo. Kulala njiani pasipo maji. Kisha kuondoka alfajiri na kuyafikia maji ya mbele kabla jua halijawa kali. Kwa njia hiyo walivuka sehemu kavu kwa kutumia alasiri na asubuhi, wakakwepa kutembea na kiu mchana kutwa. Neno hili limekaribia kusahauliwa. Tena lisichanganywe na "telekeza" ya leo, yenye maana ya kumwacha mtu bila msaada. Mwandishi wa miongozo ya safari za porini angefanya vema kulifufua, kwa kuwa laeleza kwa kitenzi kimoja jambo ambalo vinginevyo lahitaji sentensi nzima.

Majina ya vyombo nayo yataka uangalifu. "Kibuyu" ni tunda kavu la mmea utambaao wa jamii ya mamumunye, lililotolewa nyama na mbegu. Si tunda la mbuyu, ingawa majina yanafanana, na ingawa ganda la buyu nalo hutumika kama kata. "Kiriba" ni mfuko wa ngozi wa kuchukulia maji. Siku hizi wawindaji wengine hubeba mgongoni mifuko laini ya plastiki yenye mrija wa kunywea. Hatuoni sababu ya kuitafutia jina la kigeni: umbo ni lile lile, kazi ni ile ile, na "kiriba cha plastiki" chatosha.

"Debe", neno lililotufikia kutoka lugha za Bara Hindi, lilikuwa bati la mafuta ya taa la galoni 4, karibu lita 18, likageuka kuwa chombo cha maji na kipimo cha nafaka. "Dumu" ni la lita 20. Umbo lake la asili, la chuma, lilibuniwa Ujerumani katika miaka ya 1930 kwa ajili ya petroli ya jeshi. Mfasiri akumbuke kwamba chombo hicho hicho Wakenya wengi hukiita "mtungi", na wasemaji wa Kiswahili wa Kongo hukiita "bidoni". Mtanzania asomapo "mtungi" hufikiria chungu cha udongo chenye shingo. Basi, katika maandishi yatakayovuka mipaka, ni bora kutaja kitu chenyewe mara ya kwanza, kwa mfano "dumu la plastiki la lita 20", ndipo neno moja litumike baadaye.

Jambo la maana kuliko jina la chombo ni kazi yake. Hapa Kiswahili kina nguvu ambayo lugha nyingi hazina, yaani kauli ya kutendea. Chombo cha kutekea si chombo cha kunywea, wala si cha kuhifadhia. Ikiwa ndoo iliyozamishwa dimbwini ndiyo hiyo hiyo itakayopokea maji yaliyokwisha kuchemshwa, kazi yote imekuwa bure, maana matone machache ya maji mabichi yatosha kurudisha vijidudu. Tunapendekeza miongozo yote itumie maneno matatu haya bila kuyabadilisha: "ndoo ya kutekea", "dumu la kuhifadhia", "chupa ya kunywea". Mwindaji akivitia alama vyombo vyake kwa majina hayo, sarufi yenyewe imemlinda.

Kazi nne, vitenzi vinne

Hatua ya kwanza ni kutuamisha. Maji yenye tope huachwa yatulie chomboni mpaka mashapo yazame chini, kisha maji ya juu humiminwa polepole katika chombo kingine. Watu wengi huongeza shabu, au unga wa mbegu za mlonge, ambao hukusanya chembe za tope na kuzizamisha upesi. Unga wa mlonge huondoa pia sehemu kubwa ya bakteria pamoja na tope, lakini si wote. Kutuamisha hutengeneza maji maangavu, si maji salama.

Hatua ya pili ni kuchuja. Hapa twashauri kutofautisha "chujio" na "kichujio". Chujio ni kifaa cha nyumbani: kitambaa, kung'uto, au chujio la chai. Haifai kukidharau kitambaa. Uchunguzi uliofanywa Bangladesh na kutangazwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba kuyapitisha maji katika sari kuukuu iliyokunjwa mara kadhaa kulipunguza kipindupindu kwa karibu nusu, kwa sababu vijidudu vyake hushikamana na viumbe wadogo waeleao majini, nao hunaswa na kitambaa. Lakini nusu iliyobaki ni nusu. Kwa mtu aliye mbali na msaada, hiyo ni hatari kubwa mno.

Kichujio ni kifaa kilichotengenezwa kwa matundu yenye kipimo kijulikanacho. Kipimo hicho hutajwa kwa mikrometa, na mikrometa 1,000 ni milimita 1. Kichujio chenye matundu ya mikrometa 0.2 huzuia bakteria na protozoa, lakini virusi vingi hupita, kwa kuwa ni vidogo zaidi. Mfasiri asiandike "huzuia vijidudu vyote" pale ambapo maelezo ya mtengenezaji yanataja bakteria na protozoa tu. Neno "vijidudu" latufaa katika mazungumzo. Katika maelezo ya kichujio ni lazima kutaja aina.

Hatua ya tatu ni kuchemsha. Hii ndiyo njia iliyo ya hakika kuliko zote kwa vijidudu viletavyo maradhi ya tumbo, kwani joto halichagui kati ya bakteria, virusi na protozoa. Kanuni ni kwamba maji yatokote kwa dakika 1. Mahali palipo juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, kama sehemu nyingi za nyanda za juu, yatokote kwa dakika 3, kwa kuwa huko maji huchemka kwa joto la chini zaidi, karibu sentigredi 93.

Lakini ni dakika 1 kutoka wapi? Sentensi "chemsha maji kwa dakika 1" yaweza kueleweka kwamba sufuria ikae juu ya moto kwa dakika moja. Tena katika mazungumzo ya kila siku "nichemshie maji" mara nyingi ni ombi la maji ya kuoga, ambayo yatosha yapashwe moto tu. Kiswahili kinacho kitenzi kiondoacho shaka: "tokota", yaani kuchemka kwa kububujika. Iandikwe hivi: "Weka maji motoni. Yakianza kutokota, hesabu dakika 1, kisha epua." Hakuna msomaji atakayekosea hapo.

Hatua ya nne ni kutibu, yaani kutia dawa. Dawa zitumikazo zaidi ni za klorini na za iodini. Klorini huweza kupatikana kama vidonge, au kama dawa ya maji ya kung'arishia nguo, isiyo na manukato wala rangi. Ikiwa nguvu yake ni asilimia 5 hadi 6, hutiwa matone 2 kwa kila lita 1 ya maji maangavu, maji yakakorogwa na kuachwa kwa dakika 30 kabla ya kunywewa. Nguvu ya dawa hizo hutofautiana. Kwa hiyo maelezo yaliyobandikwa kwenye chupa ndiyo yafuatwe. Iodini ya kutia katika vidonda, yenye nguvu ya asilimia 2, hutiwa matone 5 kwa lita, na muda ni huo huo. Iodini haiwafai wanawake wajawazito wala wenye maradhi ya tezi ya shingo, na haifai kutumiwa kwa muda mrefu.

Kila dawa ina mipaka yake. Kimelea kiitwacho kriptosporidiamu, ambacho hutoka katika mavi ya wanyama na ya watu, hakifi kwa klorini wala iodini katika vipimo vya maji ya kunywa. Dimbwi linywewalo na nyati, nguruwe na ng'ombe ni mahali pa kukitazamia. Kwa hiyo mwindaji aliyetibu maji bila kuyachuja kwa kichujio bora, wala kuyachemsha, amejikinga na adui wengi lakini si wote.

Utaratibu wa hatua hizi nao una sababu, na mwalimu asiufundishe kama mashairi ya kukariri. Tope hutangulia kuondolewa kwa kuwa hula nguvu ya klorini na kuwaficha vijidudu ndani ya chembe zake. Mtu akitia dawa kwanza, kisha akatuamisha, dawa imetumika kwa tope. Ndiyo maana maelezo mengi yasema kwamba maji yasiyo maangavu yatiwe dawa mara mbili ya kawaida. Lakini lililo jema zaidi ni kuyafanya maangavu kwanza.

Maneno yanayowategea wafasiri

Sasa tutaje mitego minne ambayo mfasiri hukutana nayo katika maelezo ya namna hii.

Wa kwanza ni "tibu" na "tibua". Kutibu maji ni kuyatia dawa. Kutibua maji ni kuyakoroga mpaka tope la chini lipande juu. Maji yaliyotibiwa yafaa kunywewa. Maji yaliyotibuliwa ni kinyume chake. Tofauti iko katika silabi moja tu, na mpiga chapa aliyechoka aweza kuigeuza maana yote. Msomaji wa prufu aliangalie neno hili kwa jicho la pekee.

Wa pili ni kusimama kwa maji. Maelezo ya Kiingereza husema kwamba maji yenye dawa yaachwe "yasimame" kwa dakika 30. Neno hilo likihamishwa kama lilivyo, laleta picha mbaya, kwani katika Kiswahili maji yaliyosimama ni yale ya dimbwi lisilotiririka, mahali wanapozaana mbu. Yafaa kusema "yaache yakae dakika 30", au iliyo bora zaidi, "usiyanywe mpaka dakika 30 zipite". Katazo lina nguvu kuliko ruhusa pale kiu inapokuwa kali.

Wa tatu ni "madini joto". Katika kampeni za lishe, chumvi yenye iodini imeitwa "chumvi yenye madini joto", na jina hilo limeenea kwenye pakiti za chumvi. Mfasiri akiandika kwamba maji hutibiwa kwa "madini joto", msomaji atatia chumvi ya mezani katika chupa yake, naye hatakuwa ametibu kitu. Katika habari za maji iandikwe "iodini".

Wa nne ni "takasa". Kitenzi hiki ni kauli ya kutendesha ya "takata", nacho kimetumika zamani katika dini na katika sifa za mbingu isiyo na mawingu. Tangu mwaka 2020, wakati wa maradhi ya Uviko, neno "vitakasa mikono" lilienea kila mahali, na hivyo takasa imeongezewa maana ya kuua vijidudu. Twaona ni neno lifaalo kwa lengo zima, yaani kuyafanya maji yawe salama kwa hatua zote zinazohitajika. Lakini lisitumiwe kwa hatua moja moja. Kichujio chenye matundu makubwa hakitakasi maji, kinachuja.

Yasiyoondolewa kwa moto wala kwa dawa

Mwongozo mwaminifu husema pia yale ambayo njia zake haziyawezi. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi chumvi wala floraidi. Katika sehemu za kaskazini mwa Tanzania zilizo kwenye Bonde la Ufa, maji mengi yana floraidi nyingi kupita kiasi, ambayo huharibu meno na mifupa ya wayanywao kwa miaka. Maji yakichemshwa yakapungua kwa mvuke, floraidi na chumvi zilizobaki zinazidi kuwa kali. Kwa hiyo si sahihi kuandika kwamba "maji yaliyochemshwa ni salama" bila kueleza salama kutokana na nini. Iandikwe: "salama kutokana na vijidudu".

Kichocho nacho ni somo la pekee. Minyoo yake huingia mwilini kwa kupenya ngozi. Mwindaji aweza kuyachemsha maji yake yote kwa utii, na bado akaambukizwa kwa kusimama dimbwini huku magoti yako majini wakati wa kuteka. Maji yaliyotekwa na kuwekwa chomboni kwa siku 2, bila konokono ndani yake, hayana tena minyoo hai ya kichocho; lakini hatua hiyo haiondoi hatari ya bakteria. Hapa tena, kila neno la kinga lifungamane na hatari yake. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyowafikia wananchi kwa redio na kwa vikundi vya kusoma, ilishughulikia kuhara damu na kichocho kama mambo mawili mbali. Mfano huo wafaa kuendelezwa.

Istilahi zinazopendekezwa

Maji mabichi: maji yaliyotekwa ambayo hayajapitia hatua yoyote.

Maji maangavu: maji yasiyo na tope wala rangi, ambayo usalama wake haujathibitishwa.

Maji salama: maji yaliyoondolewa hatari iliyotajwa, yafaayo kunywewa.

Mashapo: uchafu uliozama chini ya maji yaliyotulia.

Kutuamisha: kuyaacha maji yatulie ili mashapo yazame.

Kuchuja: kuyapitisha maji katika chujio au kichujio.

Chujio: kifaa cha nyumbani cha kuzuia uchafu uonekanao.

Kichujio: kifaa chenye matundu ya kipimo kijulikanacho, kilichotajwa kwa mikrometa.

Kutokota: kuchemka kwa kububujika, mwanzo wa kuhesabu muda.

Kutibu maji: kuyatia dawa ya kuua vijidudu na kungoja muda uliowekwa.

Kutakasa maji: kuyapitisha katika hatua zote zinazohitajika mpaka yawe salama.

Kiriba: mfuko laini, wa ngozi au wa plastiki, wa kuchukulia maji.

Chombo cha kutekea, cha kuhifadhia, cha kunywea: vyombo vitatu visivyobadilishana kazi.

Kuterekeza: kuvuka mahali pasipo maji kwa mwendo wa alasiri na wa alfajiri.

Hitimisho

Kwa kutumia istilahi hizi, ile sentensi tuliyoanza nayo yaweza kuandikwa upya. "Teka maji kwa ndoo ya kutekea. Yatuamishe, kisha yachuje. Yaweke motoni, yakianza kutokota, hesabu dakika 1, au dakika 3 mahali palipo juu ya mita 2,000. Yaache yapoe katika chombo kilichofunikwa, halafu yatie katika dumu la kuhifadhia. Kama huna moto, yatibu kwa klorini, na usiyanywe mpaka dakika 30 zipite." Maelezo hayo ni marefu kuliko maneno matano ya kwanza, lakini hayana neno hata moja ambalo mtu wa kawaida hatalielewa. Hatukulazimika kuazima wala kubuni. Maneno yote yalikuwako, yakingojea kugawiwa kazi.

Wako watu ambao husema kwamba Kiswahili hakina istilahi za kutosha kwa mambo ya sayansi. Katika habari hii ya maji tumeona kwamba upungufu haukuwa wa maneno, bali wa uangalifu katika kuyatumia. Wafasiri, walimu na watumishi wa Serikali walio na maneno ya sehemu zao kwa vyombo vya maji, kwa aina za maji, na kwa njia za kuyatakasa, hasa maneno ya wawindaji, warina asali na wachungaji, wanaombwa wayalete barazani pamoja na maana zake kamili, ili yachunguzwe na yale yafaayo yasanifiwe.